Ukuta Kabla ya Rangi: Sanaa na Siku za Jamii Kwenye Bustani za Mji

Picha ya ukutani ikianza kubanduka bustanini, wa kwanza kulaumiwa ni watoto, na wa pili ni wauza kahawa wanaoegemea hapo. Mara nyingi wote wameonewa. Ukitazama kwa karibu utakuta rangi imeanza kuvimba kutokea juu, pale ukuta ulipoachwa bila kofia, yaani kifuniko cha saruji juu yake, au kutokea chini, pale mpira wa kumwagilia nyasi unapoupiga ukuta kila jioni. Maji yalikwisha kuingia kabla mtoto yeyote hajaweka ukucha. Haya ni maelezo kwa kamati za mitaa, shule, vikundi vya vijana na wasanii wanaotaka kuchora ukuta wa bustani ya umma, kutengeneza benchi la vipande vya vigae, au kufanya siku ya jamii kwenye nyasi, hasa katika miji yetu ya pwani ambako chumvi na unyevu havipumziki.

Na kazi hii ina maana kubwa kuliko urembo. Jeevanjee Gardens ya Nairobi, iliyotolewa kwa umma na Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, ilinusurika kugeuzwa maegesho ya magari ya ghorofa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu watu waliipigania, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mbele. Uhuru Park ilinusurika jengo la ghorofa 60 mwaka 1989 kwa sababu Wangari Maathai hakukubali kunyamaza. Bustani inayotumiwa ina watetezi. Iliyo tupu huonekana kama kiwanja kinachosubiri mjenzi. Ila shughuli iliyoharibu nyasi, ikaziba mtaro na kuacha ukuta umechakaa humpa ofisa sababu ya kukataa barua ya kikundi kitakachofuata. Kwa hiyo tuifanye vizuri.

Usome ukuta

Ufike mara mbili kwa siku moja, asubuhi na saa 9 alasiri, uone jua linaupiga wapi. Huku kwetu karibu na ikweta, kuta zinazotazama mashariki na magharibi huchomwa mwaka mzima, wakati za kaskazini na kusini hupokezana kwa misimu. Kwenye ukuta wa magharibi, nyekundu kali na njano kali za kawaida hupauka kabla ya rangi nyingine zote, na picha iliyojengwa juu ya rangi hizo mbili hubaki na buluu na kijani tu. Nyekundu ya udongo na njano ya udongo, zile zinazotokana na oksidi ya chuma, huvumilia jua kwa miaka mingi. Mwambie msanii mapema, kabla hajachora mchoro wa kwanza.

Kisha tazama juu. Kofia nzuri ya ukuta hutokeza sentimita 4 hadi 5 kila upande, ina mteremko, na chini ya ukingo wake ina mfereji mdogo unaolifanya tone la maji lidondoke badala ya kurudi ukutani. Bila mfereji huo maji hutambaa chini ya kofia na kuteremka kwenye picha. Ukuta wa mita 12 unahitaji takriban mifuko miwili ya saruji kwa kofia yake, kwa hiyo gharama si kisingizio. Nikilazimika kuchagua kati ya kofia na rangi za bei ghali, nachagua kofia.

Chini kuna mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni mpira au bomba la kumwagilia: ligeuzwe lisipige ukuta, maana maji ya kisima yakikauka huacha madoa meupe ambayo hayatoki kwa kitambaa. La pili ni kitalu cha maua kilichoegemea ukuta. Kisogezwe sentimita 50, na nafasi iliyobaki ijazwe kokoto kwa upana wa angalau sentimita 30 ili mvua isirushe tope. La tatu linasahaulika sana: angalia upande wa pili. Kama udongo wa nyuma uko juu kuliko wa mbele, huo ni ukuta wa kuzuia udongo na utasukuma maji mbele kila masika. Rangi yoyote inayotengeneza ngozi itavimba hapo. Tafuta ukuta mwingine, au tumia mbao za picha zilizofungwa mbele ya ukuta zikiachiwa upenyo.

Kuna kipimo cha unyevu ambacho hakihitaji chombo chochote cha dukani. Kata nailoni ya mita moja kwa mita moja, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiwe na tundu, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta una maji. Subiri au tafuta yanakotoka. Unga mweupe unaofanana na chumvi, na kwa kweli ni chumvi, usiuoshe kwa ndoo za maji: utayeyuka na kurudi ndani, kisha utoke tena chini ya rangi yako mpya. Usugue kwa brashi kavu ngumu, uufagie, usubiri wiki mbili, usugue tena. Unga ukizidi kutoka, maji bado yanaingia mahali.

Lipu mpya, rangi ya mafuta, na kuta za chokaa

Lipu ya nje ipigwe kwa saruji moja kwa mchanga nne. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo haiishi kutoka ukutani. Baada ya kupiga lipu, ilowanishwe mara mbili au tatu kwa siku kwa siku 7, ikifunikwa kwa magunia mabichi kama jua ni kali. Halafu iachwe mpaka itimize siku 28. Hizi siku 28 ndizo kamati nyingi huzikata kwa sababu mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe. Lipu changa ina ukali wa alkali, na alkali hiyo inakula rangi.

Hapa pana mtego kwa wanaopenda michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya mbao za hadibodi. Kwenye hadibodi rangi hiyo inakaa vizuri. Ukiipaka moja kwa moja juu ya lipu changa ya saruji, alkali hukutana na mafuta yaliyomo na kuyageuza sabuni, kwa maana halisi ya kikemia. Uso unakuwa wa kunata, kisha unavimba, kisha unaanguka vipande vipande, na mvua huharakisha yote. Kama mnataka mng'ao wa Tingatinga bustanini, chagueni moja: mpake kwanza praima (rangi ya awali inayoshikiza nyingine) inayostahimili alkali na mtumie rangi za maji za akriliki, au mchore kwa rangi ya mafuta kwenye mbao ngumu za plaiwudi ya baharini, kingo zake zikiwa zimepakwa rangi pia, zifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu na ziache upenyo wa sentimita 2 nyuma ili hewa ipite. Mbao zina faida nyingine: zinatolewa, zinarekebishwa kivulini, zinarudishwa.

Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na sehemu za kale za Mombasa ni habari tofauti kabisa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipaka saruji au rangi ya plastiki, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya ngozi ya rangi, na lipu ya zamani inatoka pamoja na picha. Kwenye ukuta wa namna hiyo tumia chokaa iliyozimwa, iliyochujwa na kuwa nyepesi kama maziwa, ichanganywe na rangi za oksidi zisizozidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Ukizidisha, rangi inashikana na kidole. Lowanisha ukuta kwanza, paka tabaka jembamba, acha likauke mpaka kesho yake, lowanisha tena kidogo, paka la pili. Tabaka nne ni za chini kabisa, sita ni bora. Tabaka nene moja hupasuka na kuwa unga. Na ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, hakuna brashi inayogusa ukuta kabla ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuridhia.

Hesabu ya rangi

Chukua ukuta wa mita 12 kwa mita 2, yaani mita 24 za mraba. Praima kwenye lipu mpya hunywewa sana. Lita moja haifiki zaidi ya mita 8 za mraba, kwa hiyo lita 3, ununue kopo la lita 4. Rangi ya msingi tabaka mbili ni mita 48 za mraba; kwa lita moja kwa kila mita 10, utahitaji lita 5. Rangi za picha hutofautiana, ila rangi nane za lita moja moja na nyeupe ya lita 4 hutosha ukuta wa kiasi hiki. Ongeza tabaka la mwisho la akriliki isiyo na rangi inayokinga jua, lita 3. Kwenye chokaa usiweke tabaka hilo. Litaziba ukuta na kuharibu kazi yote.

Nunua kila rangi kwa mkupuo mmoja. Rangi iliyochanganywa kwa mashine dukani hutofautiana kidogo kutoka siku moja hadi nyingine, na anga ya buluu iliyopakwa kwa makopo ya siku mbili tofauti itaonyesha mshono. Namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kopo ipigwe picha na iandikwe kwenye daftari la mradi.

Sentimita 40 za chini acha zisiwe na picha. Paka ukanda wa rangi moja ya giza, kahawia au kijivu, utakaopokea tope, viatu na migongo ya watu. Ukanda huo hupakwa upya kila mwaka na kijana mmoja kwa asubuhi moja, na picha haiguswi.

Siku ya kuchora

Msimu mzuri pwani ni kuanzia Juni hadi Septemba, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Upepo wa kusi una vumbi na marasharasha ya chumvi ya baharini, kwa hiyo ukuta ulio karibu na maji upanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba kabla ya kila tabaka, ukauke, ndipo upakwe. Ukuta unaotazama magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki alasiri. Weka kiganja ukutani. Ukishindwa kukiacha hapo, rangi itakauka kabla haijashika.

Siku mbili kabla ya watu kuja, msanii apige mistari. Mchoro wa karatasi wenye vyumba vya sentimita 5 huhamishwa kwa vyumba vya sentimita 50 ukutani, vikipigwa kwa kamba ya chaki ya buluu. Nyekundu iepukwe, maana vumbi lake hupenya rangi nyeupe. Kila eneo liandikwe namba, na kila namba iwe na ndoo yake. Mtu asiyewahi kushika brashi anaweza kufanya kazi ya maana kwa utaratibu huu, na picha inabaki ya msanii. Wakipewa ukuta mtupu na kuambiwa wachore wanachotaka, kila mmoja atachora moyo na jina lake, na hakuna atakayeupenda ukuta huo baada ya wiki mbili.

Mtu mmoja kwa kila mita moja ya ukuta: ukuta wa mita 12 una watu 12 kwa wakati mmoja, zamu ya dakika 30 hadi 40. Watu wazima waanze juu asubuhi, watoto wachukue sehemu ya kati ya sentimita 40 na mita 1.2 baadaye, kwa sababu matone hushuka na yatafunikwa na watakaokuja chini. Rangi iwekwe kwenye vikombe imara, robo tu ya kikombe. Kikijazwa kinamwagika, na rangi ya akriliki iliyokauka kwenye nyasi au mawe ya njia haitoki. Tandika turubai la upana wa mita 2 chini ya ukuta, ligandamizwe kwa mawe kila mita. Tina na rangi ya mafuta visikaribie watoto kabisa.

Brashi zioshewe kwenye ndoo tatu zinazofuatana, kila moja safi kuliko iliyotangulia. Maji ya ndoo ya kwanza yaachwe mpaka kesho ili rangi itulie chini. Maji ya juu yamwagwe kwenye choo chenye mfumo wa maji taka, tope likauke na kutupwa kama taka. Yasimwagwe kwenye mtaro wa mvua. Mtaro huo, kwa miji yetu, unaishia baharini.

Kesho yake msanii arudi peke yake kunyoosha kingo na kuweka mistari ya mwisho. Bajeti iwe na posho ya siku hiyo. Nimeona bajeti nyingi zinazomlipa msanii kwa siku ya sherehe tu, na picha zake huonekana hivyo.

Benchi la vipande vya vigae

Kwa mikono ya watu wengi wasio na uzoefu, hakuna kazi inayolipa kuliko hii, na vigae vilivyovunjika hupatikana bure kwa mafundi na maduka ya vifaa vya ujenzi. Benchi liwe la zege au tofali lililopigwa lipu, urefu mita 1.5, kimo cha kukalia sentimita 45, kina sentimita 40, na uso wa juu uwe na mteremko mdogo wa sentimita 1 kwenda mbele ili maji yasitulie. Lipu yake nayo isubiri siku zake.

Vunja vigae ndani ya gunia kwa nyundo, mtu akiwa amevaa miwani. Tenga kingo zilizotoka kiwandani, zile za mviringo, uziweke kwenye ukingo wa benchi ambako mapaja na viganja hupita. Gundi ya vigae ya nje, takriban kilo 5 kwa mita ya mraba, ipakwe kwenye eneo dogo linalomalizika kwa dakika 15, na kila kipande kipakwe kidogo mgongoni pia. Kipande kilichobandikwa kwa nukta za gundi kina uwazi nyuma yake. Maji huingia humo, na mtu akikalia kinapasuka. Nafasi kati ya vipande iwe milimita 3 hadi 5. Baada ya saa 24 jaza grauti, yaani saruji ya kujazia nafasi hizo, nzito kama ugali mlaini. Ikiwa na maji mengi husinyaa na kupasuka. Futa kwa sponji iliyokamuliwa baada ya dakika 20, kisha funika kwa magunia mabichi siku tatu.

Kabla ya kulikabidhi benchi, chukua kipande cha kanga kuukuu ukipitishe juu ya uso wote, pole pole, pande zote. Panapovuta uzi, pana ncha. Isugue kwa jiwe la kunolea mpaka kanga ipite bila kukwama. Na vigae vya kukalia viwe vya rangi nyepesi. Vyeusi saa 7 mchana havikaliki. Vigae vya kung'aa visitumike kwenye njia za kutembea, mvua ya kwanza tu mtu atateleza.

Kuhusu sanamu za chuma, nitasema kwa kifupi. Pwani chuma cha kawaida kinaliwa na kutu, na kile kisicholiwa hutafutwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson ya mwaka 1927, imedumu kwa sababu ni ya shaba nyeusi na iko juu ya msingi mrefu katikati ya barabara. Kikundi cha mtaa hakina fedha ya shaba. Saruji juu ya wavu uliopakwa zinki, ikifunika wavu kwa milimita 25, inadumu na haina soko kwa mwizi.

Nyasi, majiko na umeme

Nyasi huuawa na udongo ulioshindiliwa ukiwa mbichi. Kwa hiyo umwagiliaji usimamishwe siku mbili kabla ya shughuli. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia, kanyaga kwa kisigino. Maji yakichuruzika pembeni, jukwaa lihamie kwenye sakafu ya mawe. Mahema yasimamishwe siku hiyo hiyo na kushushwa usiku, maana nyasi zilizofunikwa zaidi ya siku mbili zinageuka njano. Kabla ya kupigilia vigingi, mtunza bustani aonyeshe mabomba yanapita wapi na aweke vijiti vyenye vitambaa juu yake. Yeye ndiye anayejua. Ramani ya ofisini mara nyingi haijui. Shughuli ikiisha, toboa udongo kwa uma wa bustani kina cha sentimita 10 kila baada ya sentimita 15, mwagilia vya kutosha, na eneo lipumzike wiki mbili hadi tatu.

Watu wanaokaa kwenye majamvi: jamvi la mita 2 kwa 3 linatosha watu wazima 8. Wanaosimama wasizidi wawili kwa mita ya mraba, na robo ya eneo iachwe kuwa njia. Vyoo kwa shughuli inayochukua muda usiofika saa sita, kipimo kinachotumika sana ni tundu moja kwa kila wanawake 100; kwa wanaume tundu moja kwa 500 pamoja na nafasi moja ya haja ndogo kwa kila 150. Kila tundu liwe na maji na kopo, na mtu wa kujaza maji apangwe kwa jina. Choo bila maji hakitumiki huku kwetu, hata kiwe kimekodiwa kwa bei gani.

Bustani ya Forodhani ya Unguja ilipokarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009, mambo yaliyoibadilisha yalikuwa ukuta wa bahari, mifereji, taa na mahali maalumu pa wauza vyakula. Igeni hilo. Majiko ya mkaa yakae kwenye sakafu ya mawe au juu ya mabati yaliyoinuliwa kwa tofali mbili, upande unakokwenda upepo ili moshi usipite kwa watu. Mafuta ya kukaangia yakimwagika kwenye jiwe la matumbawe yanaingia ndani na doa halitoki tena. Tandikeni kadibodi nene chini ya kila meza. Kuwe na pipa la chuma la majivu, pipa la maji ya sabuni, na mapipa ya taka kila mita 25 au 30. Maji ya sabuni na ya chumvi yakimwagwa kwenye maua yatayaua. Mifuko ya plastiki tayari imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo waelezeni wauzaji mapema waje na karatasi au majani ya mgomba.

Umeme ndio unaokatisha shughuli nyingi. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban wati 4,000, na isipewe zaidi ya 3,200 kwa muda mrefu. Spika mbili za wati 1,000, mikisa ya sauti na taa ni kama wati 2,500. Bado uko salama. Halafu muuza juisi anachomeka blenda na wa chai anachomeka birika la wati 2,000, muziki unazima katikati ya hotuba. Wauzaji wapewe jenereta yao au wasipewe umeme kabisa. Waya zisipite njiani zikiwa wazi, na saketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, hasa kwenye nyasi mbichi. Jenereta haijazwi petroli ikiwa moto.

Muda uliopangwa vizuri huondoa malalamiko ya kelele kuliko barua yoyote. Kati ya alasiri na magharibi kuna saa mbili na nusu hivi. Programu ya jukwaani iingie humo, spika zielekezwe mbali na msikiti na nyumba, na adhana ikianza sauti izimwe yote.

Miti isipigwe misumari, hata mmoja. Taa na vitambaa vifungwe kwa mikanda ya upana wa sentimita 5 isiyokaza, na ifunguliwe siku hiyo hiyo. Msingi wa sanamu au benchi usichimbwe chini ya kivuli cha mwembe, mkungu au mkwaju. Mizizi ya kunyonya maji iko juu juu hapo, na mti uliokatwa mizizi huangushwa na upepo miaka baadaye.

Vibali, na baada ya sherehe

Anza na mwenye bustani: kaunti, manispaa, au mamlaka husika, ukiwa na mchoro wa rangi, vipimo na jina la atakayetunza. Kenya, taarifa ya mkutano wa hadhara hupelekwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla. Tanzania Bara ni angalau saa 48. Serikali ya mtaa au sheha ajue kabla ya polisi, kwa heshima na kwa sababu ndiye atakayeulizwa.

Mkataba wa karatasi moja kati ya msanii, kikundi na mwenye bustani utaje mambo manne: picha itakaa muda gani, nani anairekebisha, kwa fedha ya nani, na itafutwaje. Miaka 5 hadi 7 ni umri wa haki kwa picha ya akriliki kwenye jua la pwani. Sheria za hakimiliki za Tanzania ya 1999 na Kenya ya 2001 zinambakishia msanii haki zake hata ukuta ukiwa wa serikali, kwa hiyo asiulizwe siku ambayo rola jeupe limeshapita. Tenga sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa matunzo na uiweke mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuichukua peke yake.

Kila rangi ibakizwe mililita 200 kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, yenye namba yake, ihifadhiwe kivulini kwa mtu anayejulikana. Mkwaruzo au maandishi yakitokea yafunikwe ndani ya wiki moja. Yakiachwa huita mengine. Baada ya masika, mwezi Juni, kagueni kofia, kokoto, mpira wa kumwagilia na ukanda wa chini. Panapovimba, msipake juu yake: kwangueni mpaka mfike palipo imara, mtafute maji yanakotoka, mpake praima, ndipo rangi. Na muda wa picha ukifika, ipigwe picha kutoka mbele vipande vya mita mbili mbili, msanii apewe nakala, ukuta upigwe msasa, na daftari lenye namba za rangi na tarehe za marekebisho likabidhiwe kwa kikundi kinachofuata.